Binti, usiifute hiyo namba

Kila mwalimu wa fizikia Tanzania anajua maana ya kupika data. Mwanafunzi anapima, namba inakataa kufanana na ya kitabuni, basi anaifuta na kuandika nyingine inayopendeza. Nimefundisha fizikia shule za kata kwa miaka kumi na saba, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwaelekeza walimu wenzangu namna ya kuendesha mazoezi ya vitendo. Nikiulizwa kwa nini watoto wetu wa shule za serikali wanaofika kwenye uhandisi ni wachache, watu hutegemea nitaje maabara, vitabu na upungufu wa walimu. Yote ni kweli. Ila mimi huanza na huku kupika.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na Kidato cha Tatu kwenye zoezi la penduli. Vifaa vyetu vilikuwa jiwe la mviringo, uzi wa kushonea viatu, msumari kwenye fremu ya dirisha, na simu yangu ya kuhesabia sekunde. Binti mmoja alifunga uzi wa sentimita 20, akaliachia jiwe, akahesabu mibembeo 20. Sekunde 18.8. Akapiga hesabu ya g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, ikaja 8.9. Akaangalia ukurasa wa kitabu wenye 9.8, akachukua ufutio.

"Binti, usiifute hiyo namba," nikamwambia. "Endelea na urefu mwingine."

"Lakini mwalimu, nimekosea."

"Inawezekana. Tutajuaje umekosea wapi ukishaifuta?"

Akaendelea. Kwa sentimita 40 alipata 9.3. Kwa 60, 9.5. Kwa 80 na kwa mita moja, 9.6. Hapo darasa zima likaanza kuona kitu: namba zilikuwa zinakosea kwa mpangilio. Kadiri uzi ulivyorefuka, ndivyo kosa lilivyopungua. Nikawaambia wachore grafu, mraba wa muda wa mbembeo mmoja kwenye mhimili wa wima, urefu wa uzi kwenye mhimili wa mlalo. Mstari ulinyooka vizuri kabisa, lakini haukupita kwenye sifuri. Walipourefusha kwa rula ukakata mhimili wa mlalo sentimita 2 kushoto kwa sifuri.

Yule binti ndiye aliyeinuka kwenda dirishani kulipima jiwe. Upana wake ulikuwa kama sentimita 4. Alikuwa amepima uzi kutoka msumarini hadi kwenye fundo, wakati penduli urefu wake unaishia katikati ya jiwe, sentimita 2 chini ya fundo. Kwenye uzi wa sentimita 20, sentimita 2 ni kosa kubwa. Kwenye uzi wa mita moja halionekani sana. Kilichowashangaza wote ni mteremko wa mstari. Kosa lile halikuugusa, kwa sababu liliusogeza mstari mzima pembeni bila kuuinamisha. Ukichukua mteremko peke yake unapata g ya 9.8.

Angeifuta ile 8.9, asingejua lolote kati ya haya. Angepata alama zake na kwenda kula.

Siwalaumu wanafunzi wanaopika. Sisi ndio tumewafundisha. Mtihani wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo, na shule nyingi huanza kugusa vifaa miezi michache kabla ya mtihani huo. Wanafunzi arobaini wanazunguka meza moja, mmoja anashika saa, wengine wananakili. Mwalimu ana haraka, anawaambia mapema jibu linalotakiwa. Mtoto anajifunza kwamba kupima ni kutafuta njia ya kufika kwenye namba inayojulikana tayari. Kisha tunamtaka awe mhandisi wa ujenzi, ambaye atavunja mchemraba wa zege wa milimita 150 siku ya 28 tangu zege limwagwe na kuandika nguvu yake kama ilivyo, hata kama mkandarasi anamkazia macho.

Majengo yapo. Mwaka 2014 na 2015 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya maabara tatu kwa kila shule ya kata, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, na wananchi walichanga. Ninaingia kwenye maabara hizo kila mwezi. Baadhi zimejaa vifaa na zinafanya kazi. Nyingine zimegeuka madarasa, au zimefungwa kufuli na ufunguo anao mtu mmoja. Lakini penduli haihitaji ufunguo. Maji ya choya yanageuka mekundu kwenye asidi na kijani kwenye besi. Moto poa, ile jeli ya kuwashia moto, unachemsha kama kichomeo cha gesi kwa mazoezi mengi. Ninachowaomba walimu ni makundi ya wanafunzi wanne, na kila mmoja apewe zamu ya kushika saa. Pia wahesabu "sifuri" wanapoibonyeza, maana anayeanza na "moja" anapima mibembeo 19 akidhani ni 20, na g yake inavuka 10.

Jambo jingine ni lugha, nami nalisema kwa uchungu. Mtoto anatoka shule ya msingi akijua nyenzo, egemeo, mzigo na jitihada. Anaweza kukuonyesha egemeo kwenye toroli la baba yake. Akifika Kidato cha Kwanza anaambiwa yote kwa Kiingereza, na mwalimu mwingine anamwona hajui chochote. Mimi huwaacha wabishane kwa Kiswahili wakiwa kwenye kifaa, halafu tunaandika ripoti kwa Kiingereza cha mtihani. Wakishabishana, cha kuandika kinakuwepo.

Halafu kuna Selform, fomu ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujaza kuchagua masomo au chuo cha kuendelea nacho. Wazazi wengi wanadhani njia ya uhandisi ni moja tu: PCM (fizikia, kemia na hisabati), Kidato cha Sita, chuo kikuu. Hiyo ni njia nzuri. Lakini aliyemaliza Kidato cha Nne na kufaulu fizikia, kemia na hisabati anaweza kuomba stashahada ya miaka mitatu kwenye vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Mbeya, akatoka fundi sanifu, na baadaye akaendelea na shahada akitaka. Mtoto mwenye mikono myepesi, ambaye familia haiwezi kusubiri miaka mingi, aijue njia hiyo kabla ya kujaza fomu.

Yule binti wa penduli alijaza stashahada ya uhandisi ujenzi. Mjomba wake alitaka PCB (fizikia, kemia na biolojia), tukakaa naye jioni nzima mpaka akakubali. Mwezi uliopita alinipigia kutoka chuoni, amechoka, akiuliza kwa nini mwalimu wao wa upimaji ardhi anawarudisha kupima pembe ileile mara nne. Nikamuuliza kama namba nne alizopata zinafanana. Akasema hapana, akanisomea zote, kila moja na nyuzi zake, dakika zake na sekunde zake.