Gari la Umeme Unguja na Pemba: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Inadhaniwa na wengi kwamba kununua gari la umeme Zanzibar ni kuyahamisha mafuta tu kutoka kwenye tangi hadi kwenye jenereta. Dhana hii ilikuwa na mashiko kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, pale Unguja ilipokosa umeme wa Bara kwa takriban miezi mitatu na wenye uwezo wakawasha majenereta. Na Pemba ilikuwa bado ikitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha. Leo hali ni nyingine. Unguja hupokea umeme Fumba kwa waya wa baharini unaotoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, na Pemba, tangu 2010, kwa waya unaotoka Tanga. Umeme huo wa Bara huzalishwa zaidi kwa gesi asilia na maji, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Petroli na dizeli, kwa upande wake, huagizwa zote kutoka nje, na injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kwa joto.

Wapo pia wanaoamini kwamba magari haya ni ya nchi tajiri zisizo na mafuta. Norwe huuza mafuta na gesi, lakini mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme, kwa sababu serikali iliyapunguzia kodi kwa miaka mingi. Ethiopia, isiyo tajiri, ilipiga marufuku mwaka huohuo uingizaji wa magari ya petroli na dizeli. Japani ni tajiri, na bado magari ya umeme huko ni machache sana. Jambo hili latugusa moja kwa moja, kwani sehemu kubwa ya magari yetu ni yaliyokwishatumika Japani.

Ama hofu ya kuishiwa chaji njiani, ina ukweli ndani yake, ila si kwa sababu ya umbali peke yake, bali pia uchakavu wa betri. Nissan Leaf ya mwanzo, gari la umeme la Kijapani lenye betri ya kilowati-saa 24, ilipokuwa mpya ilipimwa Marekani kuwa inakwenda takriban kilomita 117, na kutoka Mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60 kwenda tu. Hata ikiwa mpya huenda isirudi kwa chaji moja; ikiwa imechakaa, haitarudi kabisa bila kuchajiwa. Kwenye dashibodi yake, pembeni ya kipimo cha chaji, kuna vistari 12 vyembamba vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza huzimika betri ikishapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kuchaji hakukirudishi. Betri hiyo haipozwi kwa maji, hivyo joto huizeesha upesi. Kwa maoni yangu, ukaguzi wa magari ya umeme yanayoingia bandarini ungepaswa kuanzia kwenye betri, kabla ya rangi na matairi.