Je, wajua kwa nini teke la mwanafunzi na wimbo wa mwimbaji wa ridhaa hutusisimua kuliko kazi ya mabingwa?

Katika futiboli ya Kimarekani, timu iliyokwama kabla ya kufika mwisho wa uwanja inaweza kumwita mchezaji mmoja aupige mpira teke upite juu ya mwamba, katikati ya milingoti miwili, na ukipita timu hupata alama 3. Wapigaji wa ligi ya kulipwa, NFL, hufanikiwa zaidi ya mara 8 katika kila 10, ilhali wale wa vyuo vikuu hukosa takribani teke moja katika kila manne. Pamoja na hayo, wapo mashabiki wengi ambao teke la mwanafunzi huwaweka roho juu kuliko la bingwa. Jambo hilohilo hutokea katika muziki, pale mtu asiye msanii anaporudia wimbo maarufu kwa sauti inayoyumba na kutugusa kuliko mwenye wimbo. Kwa maoni yangu, chanzo cha mambo haya mawili ni kimoja.

Tuanze na sababu zinazomfanya mwanafunzi akose. Milingoti ni ileile, yenye upana wa futi 18 na inchi 6, lakini mistari inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 40 katika uwanja wa chuo, wakati katika NFL imeachana kwa upana uleule wa milingoti. Kwa hiyo mwanafunzi hulazimika mara nyingi kupiga akiwa pembeni, ambako lango huonekana jembamba kuliko lilivyo. Isitoshe, timu za NFL ni 32 tu, ilhali vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na wapigaji wengi huanza bila ufadhili wa masomo, wakijitokeza wenyewe kuomba kujaribiwa.

Tarehe 16 Novemba 1991, timu ya chuo kikuu cha Florida State ilikuwa nyuma ya ile ya chuo cha Miami kwa 17 kwa 16 mchezo ukielekea ukingoni, na teke la yadi 34 likapita kulia kidogo tu ya lango. Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa milingoti ya vyuo kupunguzwa kutoka upana wa futi 23 na inchi 4, na wengi wanashikilia hadi leo kwamba mwaka mmoja kabla mpira ule ungehesabiwa. Utamu na uchungu wa mchezo viko hapo: kila aliyeko uwanjani anajua mpira unapaswa kupita wapi, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba utapita, na mpigaji ana sekunde moja na ushei tu tangu mpira urushwe nyuma hadi auguse. Mwaka 2013 timu ya chuo cha Alabama ilijaribu teke la yadi 57 ikiwa imebaki sekunde moja, mpira ukapungua nguvu, na mchezaji wa chuo pinzani cha Auburn akaudaka na kukimbia nao uwanja mzima hadi kufunga na kushinda 34 kwa 28.

Wimbo unaojulikana nao ni lango la namna hiyo. Msikilizaji ana sauti yote kichwani, anajua ni wapi itapanda na wapi itatulia, hivyo humpima mwimbaji kabla hajafika. Rekodi ya msanii mwenyewe haina hatari tena, kwa kuwa imekwisha kusahihishwa studio na itakuwa vilevile kila tunapoicheza. Mwimbaji wa ridhaa huirudisha hatari hiyo, nasi bila kujijua huanza kumsaidia kupanda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Langley, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Mwaka 1976 na 1977 mwalimu Hans Fenger aliwarekodi wanafunzi wa shule za msingi katika ukumbi wa mazoezi, wakiimba nyimbo za pop za wakati huo, ukiwamo wimbo wa mwanamuziki wa Uingereza David Bowie wa mwanaanga anayepotea angani. Ala zao ni za shule, mapigo mara huchelewa, mara huwahi, na sauti za watoto hugongana na kuta za ukumbi. Rekodi hizo zilipotolewa kwa umma mwaka 2001, Bowie mwenyewe alizisifu. Watoto hao wanaimba upweke wasioweza kuueleza, na kwa sababu hawauigizi, tunausikia wazi.

Sharti ni moja, nalo ni nia. Okestra ya Portsmouth Sinfonia, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1970 na kufika Royal Albert Hall, ukumbi maarufu wa London, mwaka 1974, ilipokea watu wasiojua muziki au wapigaji walioshika ala ngeni kwao, lakini iliwataka wafanye mazoezi na kujitahidi kupiga sawasawa. Anayekosea makusudi hutuondolea kitu cha kumwombea.

Ndiyo maana tunaelewa shangwe ya Desemba 2020, Sarah Fuller, golikipa wa soka ya wanawake wa chuo cha Vanderbilt, alipoitwa kuipigia timu ya wanaume ya futiboli ya Kimarekani dhidi ya chuo cha Tennessee. Teke lake la kwanza siku hiyo lilikuwa la alama 1, lile la nyongeza linalopigwa baada ya timu kufika na mpira mwisho wa uwanja, la umbali wa yadi 20 tu, na Vanderbilt ilifungwa 42 kwa 17. Wengi walilitazama teke hilo kwa wasiwasi uleule wa mchezo wa ubingwa, na mpira ukapita katikati.