Kyu ya DJ ni nini, na kwa nini uiangalie kabla ya kununua mashine

Kyu ni njia ya DJ kuusikia wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla watu waliopo ukumbini hawajausikia. Spika zinapiga wimbo wa kwanza, hedifoni inapiga wa pili, na sauti hizo hazikutani mpaka DJ mwenyewe atake. Ndiyo maana utamwona amebana hedifoni kwenye sikio moja na la pili ameliacha wazi: sikio moja liko kwa wachezaji, jingine liko kwenye wimbo ambao bado haujafika.

Neno hili linachanganya kwa sababu lipo mara mbili kwenye mashine. Kitufe cha CUE kilicho kando ya kitufe cha kuchezea wimbo, chini ya gurudumu, hurudisha wimbo kwenye alama uliyoiweka, mara nyingi pigo la kwanza. Kyu tunayoizungumzia hapa iko katikati, kwenye mikisa (sehemu ya kuchanganyia sauti), kitufe kimoja kwa kila deki (upande unaocheza wimbo mmoja), na mara nyingi kina picha ya hedifoni. Ukikibonyeza, deki hiyo inasikika masikioni mwako hata kama kitelezi chake cha sauti kiko chini kabisa.

Jambo hili limewahi kutafutwa kwa shida. Huko Bronx, New York, miaka ya 1970, DJ Grandmaster Flash alijitengenezea njia ya kuchungulia sahani ya pili ya santuri kwa swichi ya njia mbili aliyoiunga kwenye vyombo vyake, akaiita peek-a-boo. Leo kazi ya swichi ile imo ndani ya kontrola, yaani mashine ya kuongozea programu ya DJ, ya plastiki na nyepesi kuliko laptopu. Lakini haimo katika kila kontrola, na hapo ndipo anayeanza hupoteza hela.

Simu au laptopu ina njia moja tu ya kutolea sauti: kushoto na kulia, basi. Ukichomeka spika hapo, hedifoni haina pa kwenda. Kontrola iliyokamilika hubeba kadi yake ya sauti yenye njia nne: ya 1 na ya 2 huenda kwenye spika, ya 3 na ya 4 kwenye hedifoni. Numark DJ2GO2 Touch, ambayo ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye mkoba, inayo. Hercules DJControl Inpulse 200 inayo. Pioneer DDJ-FLX4 inayo. Pioneer DDJ-200 haina, ingawa ina magurudumu na pedi za kuvutia. Vivyo hivyo Numark DJ2GO ya kwanza kabisa, ile isiyo na namba 2 baada ya GO. Usisumbuke kukariri orodha. Geuza mashine utazame matundu. Ukiona tundu la hedifoni na matundu ya spika, kadi ipo. Ukiona tundu la USB peke yake, hiyo ni rimoti ya programu tu.

Mashine isiyo na kadi bado inafaa kujifunzia kwa waya wa kugawa. Programu huchukua wimbo wa ukumbini ikaubana upande mmoja, na wa kyu upande wa pili. Waya hupeleka kila upande kwenye tundu lake. Gharama yake ni kwamba kila kitu kinakuwa mono, yaani kushoto na kulia vinaunganishwa kuwa sauti moja. Na tahadhari: waya wa kawaida wa kuunganisha hedifoni mbili kwenye simu moja unafanana nao kabisa kwa macho, lakini ule hutoa pande zote mbili kwenye kila tundu. Ukisikia nyimbo zote mbili kwenye spika, waya wako ni huo, urudishe.

Programu isikuumize kichwa. Mixxx, programu ya DJ ya laptopu, ni ya bure moja kwa moja na inakubali kontrola nyingi. Fungua mipangilio ya vifaa vya sauti, chagua kadi ya kontrola, weka spika njia 1 na 2, hedifoni 3 na 4. Ukiona sauti inakatika au kutoa mikwaruzo, ongeza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuipiga) hatua moja. Bafa ikizidi, utabonyeza kitufe na sauti itachelewa kuitika.

Hedifoni iwe ya waya, inayofunika sikio. Ya bluetooth haifai kwa kazi hii hata iwe ya bei gani. Kwenye wimbo wa mapigo 112 kwa dakika, pigo moja ni kama sekunde 0.54. Bluetooth ikichelewesha sauti sekunde 0.2 tu, umeshapoteza zaidi ya theluthi ya pigo, na utajitahidi kulinganisha nyimbo ambazo masikio yako yanadanganywa kuhusu mahali zilipo. Spika nayo iwe na waya kwa sababu hiyohiyo. Sabufa ya nyumbani yenye tundu la AUX inatosha kabisa kujifunzia.

Sasa zoezi lenyewe. Chagua amapiano mbili, moja ya mapigo 112, nyingine 114. Zima kitufe cha SYNC, kinacholinganisha mapigo chenyewe; kitakufaa baadaye, sasa kinaliziba sikio. Piga ya 114 kwenye spika. Kwenye deki ya pili weka ya 112, bonyeza kyu, na kitufe cha kuzungusha cha kuchanganya hedifoni kipeleke chote upande wa CUE, la sivyo utasikia nyimbo zote mbili masikioni na kudhani mashine imeharibika. Peleka kitelezi cha tempo (kasi ya wimbo) cha deki hiyo kwenye kama +1.8, kwa sababu mapigo 2 katika 112 ni takriban asilimia 1.8. Hesabu nne nne kwenye spika, na baada ya nne nane, yaani mapigo 32, achia wimbo wa pili pigo la kwanza likianguka.

Mwanzoni ngoma zitagonga kama moja. Subiri. Tofauti ya pigo 1 kwa dakika huzaa mkengeuko wa robo pigo baada ya sekunde 15, na utausikia mlio wa kwata za farasi: ka-ta, ka-ta. Sukuma gurudumu kidogo mbele. Mlio huo ukipungua, wimbo wako ulikuwa nyuma, ongeza tempo kidogo. Ukizidi, ulikuwa mbele, punguza. Rudia mpaka ukae dakika nzima bila kugusa. Hapo ndipo upandishe sauti, ukikata bezi ya wimbo mmoja kabla ya kufungua ya mwingine, maana bezi mbili kwa pamoja hunguruma na kupeleka taa za kiwango cha sauti kwenye nyekundu.

Kwenye singeli, muziki wa kasi wa Tanzania, usiiamini namba ya programu. Wimbo wa mapigo 220 huweza kuandikwa 110. Gonga meza kwa kidole ukihesabu mwenyewe.

Ukinunua mashine iliyotumika, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na laptopu yenye Mixxx, waya wa USB na hedifoni yako. Cheza wimbo kwenye deki ya pili, shusha kitelezi chake, bonyeza kyu. Hedifoni ipige, spika ikae kimya. Kisha zungusha kitufe cha sauti ya hedifoni polepole: mikwaruzo midogo ni vumbi, na mara nyingi husafishika. Mwisho tikisa jeki taratibu ndani ya tundu lake. Upande mmoja ukikatika na kurudi, solda ya tundu imelegea, na hilo ni la fundi kufungua mashine, kwa hiyo gharama yake itoke kwenye bei ya muuzaji.