Saba Haina Ufukwe, na Mengine Ninayoyarudia Kila Wiki

Picha aliyonionyesha bibi harusi mtarajiwa, anayetafuta mahali pa fungate, ilikuwa na mchanga mweupe, mnazi ulioinama na bembea ya kamba. Chini yake mtu ameandika "Saba, Karibiani". Nikamwambia kwamba pale si Saba. Akamtazama mchumba wake kwa jicho la "huyu wakala wa safari umemtoa wapi?", kisha akasema maneno ambayo mwaka huu nimeyasikia mpaka nimechoka: "Dada, kisiwa gani hakina bichi?"

Hiki hapa. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, ili mwingine akija nimpe asome wakati mimi nakunywa chai.

Saba ni kisiwa cha kilomita za mraba 13 hivi, chenye watu kama 2,000, kaskazini mashariki mwa bahari ya Karibiani, jirani na Sint Maarten. Kiko chini ya Uholanzi. Na kabla hujauliza kama wengine walivyoniuliza: si namba. Hakuna kisiwa cha sita wala cha nane.

"Kisiwa lazima kiwe na ufukwe"

Tatizo ni kwamba sisi wa pwani hii kichwani tuna kisiwa cha aina moja tu. Ukisema kisiwa, mtu anaona Paje au Jambiani kule Unguja: nchi tambarare, maji ya kina kifupi, na mwamba wa matumbawe kule mbali unaovunja mawimbi. Mchanga wetu ni matumbawe na makombe yaliyosagika miaka na miaka, na umebaki kwa sababu una mahali pa kutulia.

Saba haikuumbwa hivyo. Ni volkano iliyochomoza kutoka chini ya bahari, na unachokiona juu ya maji ni kichwa chake tu. Kilele chake, Mount Scenery, kina mita 870 hivi. Hapo ndipo mahali pa juu kuliko pote katika Ufalme wa Uholanzi, ingawa Waholanzi wa Ulaya wengi wangekuambia nchi yao haina mlima. Kingo za kisiwa ni majabali, na majabali hayo hayaishii kwenye maji, yanaendelea kushuka chini. Mchanga ukija, mawimbi yanausukuma kwenye kina na habari yake imekwisha. Ukae wapi?

Kuna Well's Bay, ndiyo. Huko mchanga wa kijivu hutokea kuanzia majira ya kuchipua, kisha mawimbi ya mwisho wa mwaka huuchukua na kuacha mawe matupu. Kuna pia Cove Bay, kidimbwi kidogo karibu na uwanja wa ndege, kilichokingwa kwa mawe ili watoto waoge. Basi. Mteja mmoja alijikatia tiketi mwenyewe mtandaoni mwezi Januari, akashuka Well's Bay na taulo begani, akakuta mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Aliporudi alinipigia mimi simu kulalamika, na wala si mimi niliyempeleka.

Ukitaka kujua jinsi kingo zile zilivyo kali, ulizia Ladder Bay. Kabla ya gati la Fort Bay kujengwa mwaka 1972, mizigo mingi iliteremshwa kwa mashua na kubebwa kichwani na mabegani kupitia ngazi za mawe zipatazo 800 zilizochongwa kwenye mwamba. Wazee wa kule husimulia kwamba hata piano ilipanda hapo. Ngazi bado zipo. Kushuka unajiona shujaa, kupanda ndipo unapokumbuka umri wako.

Na barabara nayo ina kisa chake. Wahandisi wa Kiholanzi walitazama miteremko ile wakasema haijengeki. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasoma uhandisi kwa masomo ya posta, na watu wa Saba wakaanza kuijenga mwaka 1938 kwa mikono, bila mitambo. Gari la kwanza lilifika kisiwani mwaka 1947, na barabara ikakamilika mwaka 1958. Kila ninapoieleza habari hii, mteja huitikia "eeh, kumbe", halafu anauliza kama hoteli ina ngazi za kushukia baharini.

Hapo tunafika kwenye The Bottom. Huo ndio mji mkuu, na jina lake kwa Kiingereza ni "chini". Watu watatu mwaka huu wamechagua chumba The Bottom wakiamini wamepata nyumba ya ufukweni. The Bottom iko zaidi ya mita 200 juu ya bahari, ndani ya bonde lililozungukwa na vilima. Windwardside, kijiji wanakolala wageni wengi, kiko juu zaidi, karibu mita 400. Jioni unaweza kuhitaji sweta. Ndiyo, Karibiani.

Basi aende nani? Aende mtu wa milima na mtu wa mbizi. Mount Scenery ina ngazi 1,064 mpaka juu, na kadiri unavyopanda unaingia msitu wa mawingu, miti imevaa kuvu na majani makubwa yanadondosha maji. Anza alfajiri, maana mawingu yakishajaa huoni kitu. Vaa viatu vyenye meno. Nimeshaona picha ya mtu amepanda na ndala, na nisingependa kuiona tena.

Chini ya maji ndiko kuna utajiri wenyewe. Bahari ya kuzunguka kisiwa ni hifadhi tangu mwaka 1987, kutoka usawa wa maji kujaa mpaka kina cha mita 60, na mgeni haruhusiwi kujirukia tu, lazima azame na kampuni ya pale kisiwani. Sifa kubwa ni minara ya mwamba inayosimama kutoka kilindini. Lakini vilele vya minara hiyo viko kwenye mita 27 hivi au zaidi, na cheti cha kwanza cha mbizi mwisho wake ni mita 18. Wachumba wengi hupata cheti Unguja kwa siku nne, halafu wanadhani wameshaiva. Chukua cheti cha pili kabla ya kuondoka. Ukifika bila hicho utapelekwa sehemu nzuri za kina kifupi, lakini usije ukasema hujaona minara.

Na hili ni langu, nalishikilia hata wenzangu wakinicheka: panda mlima kwanza, zama baadaye. Aliyetoka mbizi ana naitrojeni ya ziada mwilini, ambayo shinikizo likipungua inaweza kugeuka mapovu ya kumdhuru, na kupanda juu ni kupunguza shinikizo la hewa, kama vile kupanda ndege. Siku ya mlima na siku ya mbizi zisiwe moja, na siku ya mwisho usizame.

Ukitaka mchanga, nitakupeleka Anguilla, ng'ambo tu ya Sint Maarten, ambako mchanga ni mwingi mpaka unachosha. Au nikuambie ukweli unaoniharibia biashara: panda boti ya mwendo wa saa mbili uende Unguja, ubaki na hela zako.

"Nina visa ya Schengen, na Saba ni Uholanzi"

Hii ya pili kwa kunipandisha presha. Saba ni sehemu ya Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010, kweli. Lakini haimo Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, wala haimo katika Umoja wa Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa ya Karibiani ya Ufalme wa Uholanzi, inayoombwa kupitia ubalozi wa Uholanzi. Ni visa moja kwa visiwa sita: Saba, Sint Eustatius, Bonaire, Sint Maarten, Aruba na Curaçao. Wenye vibali vya ukaazi vya Ulaya au Marekani wana kanuni zao, wazisome kabla ya kulipa chochote. Na ukisema utavuka kidogo upande wa Kifaransa wa kisiwa cha Sint Maarten ukale chakula cha mchana, jua kwamba huko nako ni nje ya Schengen na Ufaransa ina visa yake kwa maeneo hayo. Mpaka hauna geti, ni kweli. Sheria ipo palepale.

Njia nayo ina mitego. Kutoka Dar au Nairobi, rahisi ni Amsterdam kisha Sint Maarten. Mtanzania au Mkenya akibaki eneo la kuunganisha ndege pale Amsterdam hahitaji visa ya kupita. Paris ni hatari zaidi kwa wasiosoma tiketi: unatua Charles de Gaulle, ndege ya pili inaondokea Orly, na katikati kuna mji mzima unaotaka Schengen. London nayo ina visa ya kupita kwa pasipoti zetu. Miami usiniambie kabisa kama huna visa ya Marekani, maana Marekani haina eneo la kupita bila kukaguliwa na uhamiaji. Nimeshamwona mtu akinunua tiketi ya bei poa kupitia Miami, akazuiwa kaunta ya Dar es Salaam na begi lake limeshapimwa.

Kadi ya homa ya manjano beba. Usiniulize kama wataitazama.

"Ule uwanja wa ndege ni kifo"

Njia ya kurukia ya Saba ina mita 400, fupi kuliko zote za ndege za abiria za kawaida duniani, na kila mwisho wake ni jabali na bahari. Video zake zimewatia watu kichaa. Anayetua pale si ndege kubwa, ni Twin Otter ya abiria wasiozidi 19, iliyotengenezwa kwa viwanja vifupi, na marubani wake wana mafunzo maalumu. Kutoka Sint Maarten ni robo saa tu. Cha kuhofia ni upepo, kwa sababu ukiwa mkali ndege hairuki na wewe una ndege ya Amsterdam jioni ileile. Ndiyo maana sikubali mteja atoke Saba na kupanda ndege ya Amsterdam siku ileile. Usiku wa mwisho lala Sint Maarten. Nimegombana na watu kwa ajili ya usiku huo mmoja, na sijawahi kuombwa radhi.

Wanaoogopa ndege kuna boti, saa moja na nusu hivi. Bahari pale katikati si ya kula chapati kabla ya kupanda.

Yaliyobaki, harakaharaka

Euro usibebe. Saba hutumia dola ya Marekani tangu mwaka 2011.

Kiholanzi hakihitajiki. Wenyeji lugha yao ya nyumbani ni Kiingereza.

"Kidogo, kwa hiyo ni rahisi" — hapana. Karibu kila kitu kinaletwa kwa meli, mpaka nyanya. "Kidogo, siku moja inatosha" — siku moja unapanda mlima, unashuka, unalala. Chukua usiku nne.

Vimbunga: msimu ni Juni mpaka Novemba, na mbaya zaidi ni Agosti hadi Oktoba. Watu husoma kwamba Aruba, Bonaire na Curaçao ziko pembeni ya njia kuu ya vimbunga, wakadhani visiwa vya Kiholanzi vyote ni hivyo. Kutoka Bonaire mpaka Saba ni kilomita 800 hivi, na Saba iko njiani. Irma ya Septemba 2017 iliubomoa uwanja wa Sint Maarten ukafungwa kwa abiria wa kawaida kwa wiki kadhaa, na uwanja huo ukifungwa, Saba nayo imefungwa kwako. Fungate ya Septemba kwangu haipiti, hata bei iwe nusu.

Wale wachumba wamerudi jana. Bwana anataka mlima, bibi bado anataka mchanga wake. Nimewapangia usiku nne Saba, kisha tatu Sint Maarten, na nimewatuma kwanza ubalozini kuhusu visa. Walitoka ofisini wakibishana waanze na kipi. Waanze na mlima.