Kitabu cha zamani cha majengo ya pwani: anza kufungua kwa nyuma

Watu wakituletea kitabu cha zamani hapa kwenye hifadhi ya nyaraka swali la kwanza huwa "hiki kinafika bei gani?" na mimi huwa sijibu, nakigeuza naenda kule nyuma kwenye ramani za kukunja na picha, maana vitabu vya historia na majengo ya pwani mali yenyewe iko huko. Chukua kile cha mwanaakiolojia Garlake cha 1966, kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, mle kuna misikiti na mihirabu ya mwambao imepimwa na kuchorwa, na nyumba ya mawe ikishavuja paa boriti zinaoza, chokaa inalainika, ukuta unalala. Beit al-Ajaib yenyewe, lile jumba la sultani kule Zanzibar, la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Fundi anayetaka kurudishia kitu kama hicho atashika nini kama sio vipimo na picha za zamani?

Kuna kijana alikuja na kitabu kanunua kwa wauza vitabu wa barabarani, jalada linang'aa, kafurahi kweli, tukakaa tukahesabu picha kwa ile orodha ya mwanzoni tukakuta kumi na moja hazipo, zimekatwa kwa wembe, pale kwenye mshono vimebaki vijiukanda vyembamba kama kucha. Hizo hutiwa fremu zikauzwa mojamoja. Kwa hiyo hesabu kabla hujatoa hela, bora kichakavu kilichotimia kuliko kizuri chenye mapengo.

Angalia na mwaka, nyuma ya ukurasa wa jina. Vile vya historia ya Zanzibar, cha Pearce cha 1920 na cha Ingrams cha 1931, vilirudiwa kuchapwa miaka ya 60, ukitaka kusoma tu hivyo vya marudio vinatosha kabisa, ila usiuziwe kwa bei ya toleo la kwanza. Na ukiona muhuri wa maktaba bila alama yoyote kwamba kimeondolewa, wapigie hao wenye muhuri kwanza, usije ukanunua kesi.

Nyumbani sasa. Selotepu hapana, nasema hapana, baada ya miaka inakuwa njano na gundi inazama kwenye karatasi haitoki tena. Kuandika jina lako tumia penseli. Unyevu ukizidi asilimia 65 kuvu inaanza, na pwani hiyo ni kawaida tu, kwa hiyo usibandike shelfu ukutani hasa kuta za chokaa, acha upana wa kiganja hewa ipite. Kina wadudu? Usipulizie dawa ya mende, kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza wiki mbili, ukikitoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe wote, la sivyo kitatoka jasho kiloe, na samaki waambie wasogee kidogo.