Kilo mbili za mbuzi kwa watu watatu: maswali ya Desemba

Nairobi huanza kula rasmi tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, na haipumziki hadi Mwaka Mpya upite. Katikati kuna harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kufunga mwaka kwa chama cha kuweka akiba na Krismasi yenyewe. Maswali haya hurudi kila mwaka.

Siku moja ya Krismasi inaweza kuninenepesha?

Hapana. Sahani moja ya pilau, hata iliyojaa pomoni, haina nguvu hiyo. Tatizo ni kwamba Krismasi yetu si siku moja, ni wiki tatu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwapima watu wazima kabla na baada ya msimu wa sikukuu, ukakuta wameongeza wastani wa chini ya nusu kilo. Ni kidogo, ila kwa wengi haikutoka tena. Mwakani inakuja nyingine, inakaa juu ya ile ya zamani.

Mbona kwenye choma nakula kuliko nilivyokusudia?

Kwa sababu huna sahani. Nyama inaagizwa kwa kilo, inakatwakatwa ubaoni mbele yenu, kila mtu anadokoa huku hadithi zikinoga. Hakuna anayejua amekula vipande vingapi. Watu watatu wanaagiza kilo mbili kwa hoja kwamba "itapungua ikichomwa", na kweli hupungua, lakini si kiasi hicho. Tena habari za shibe huchelewa kufika kwenye ubongo, kama dakika 20 hivi, na kwa mwendo wa ubao dakika 20 ni nyama nyingi sana.

Omba sahani ndogo. Jipakulie mara moja, weka ugali wa kiasi, na uagize bakuli zima la kachumbari, isiwe pambo la pembeni. Ukishatia kipande mdomoni, tafuna kwanza, changia mazungumzo, ndipo uchukue kingine. Wala usishinde njaa tangu asubuhi "ili nafasi iwepo". Mwenye njaa hadokoi, anavamia.

Halafu kuna kile kilima cha chumvi kwenye kona ya ubao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa iliyomo kwenye mkate, supu na mchuzi. Kama una presha, mwombe anayekata nyama asilete chumvi kabisa. Ikiwa mbele yako utachovya, mimi pia huchovya.

Na soda?

Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina takriban gramu 53 za sukari, vijiko 13 hivi vya chai. Hakuna anayeweza kuketi mbele ya wageni akatia vijiko 13 kwenye kikombe chake. Juisi ya pakiti si afadhali sana. Bia nayo ina kalori zake, na huamsha hamu ya kuongeza nyama.

Mama mkwe ananiongezea chapati kabla sijamaliza ya kwanza. Nikatae vipi?

Usikatae chakula, kisifu. Acha kipande cha chapati sahani ikiwa bado mbele yako, maana sahani tupu kwake ni ombi. Akija na sufuria, mwambie: "Mama, kimenoga kweli, nimeshiba. Nifungie mbili nitakula na chai kesho." Ataenda kutafuta karatasi ya kufungia akiwa na furaha, na wewe umepona.

Gym yangu imefungwa, na nusu ya mwezi niko ushago, yaani kijijini kwetu. Nifanyeje mazoezi?

Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuongezea pumzi, yaani nusu saa siku tano. Ukiwa Nairobi, shuka matatu steji mbili kabla. Kwa msongamano wa Desemba huenda ukafika mbele yake. Wapeleke watoto Karura, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania usigawiwe wajenzi, au Arboretum, ile bustani ya miti. Ushago ni rahisi zaidi: chota maji, kata kuni, tembea kuwasalimu jamaa wa ng'ambo ya mto badala ya kuita bodaboda. Anayekaa chini ya mwembe kutwa akingoja kuletewa ni mgeni kutoka mjini tu.

Baba ana kisukari na tunasafiri. Tuangalie nini?

Nusu ya sahani yake iwe mboga, na wanga uwe wa aina moja: wali au chapati au viazi, si vyote vitatu. Asiache dawa kwa sababu ni sikukuu. Akitumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, asikae muda mrefu bila kula foleni ikikwama barabarani. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jingi, apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale. Insulini isiwekwe kwenye buti la gari wala kwenye dashibodi juani. Kama nyumbani hakuna friji, ifungwe vizuri isiingie maji, ihifadhiwe ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini. Na dawa za kutosha hadi Januari zichukuliwe kabla hamjaondoka, kwa kuwa kliniki nyingi hupunguza siku za kazi wiki ya Krismasi.