Kempa ya bei nafuu kutoka gari kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nikifungua mlango wa nyuma wa Pajero yangu ya 1998, niliyoigeuza kempa (gari la kulala safarini), kwenye kituo cha mafuta, hakosi mtu wa kuja kuchungulia kitanda. Swali huwa lile lile: ulitumia milioni ngapi? Sikukaribia hata moja. Mbao nilinunua Gikomba, vyuma Kamukunji, na sponji nikakatiwa kwa kipimo. Ila kwenye mazungumzo hayo nasikia mambo yanayowakwamisha watu bure, na mengine yanayoweza kuwaua.

"Agiza gari la fobaifo (4x4) la zamani Japani, ni rahisi kuliko la hapa."
Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. La zamani utalipata humu humu nchini, likiwa limeshapigwa na mashimo yetu. Nenda na fundi wako mwenyewe, mlale chini ya gari muangalie kutu ya chesisi kabla hujaangalia rangi.

"Gharama kubwa ni kitanda na makabati."
Gharama kubwa ni breki, tairi, rejeta na springi, nayo ndiyo ya kwanza. Teremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu na gari lililosheheni maji, vyombo na watu wanne, utaelewa. Breki zilizochoka hushika moto, harufu ikaingia ndani, na kanyagio likaanza kuzama chini ya mguu. Kuteremka kwa gia ndogo kunasaidia sana, lakini hakuponyi breki mbovu.

Na mbao zenyewe ni mzigo. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina kilo 30 hivi. Ya milimita 9 ni nusu yake. Maji lita 40 ni kilo 40. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) huwa imeshapoteza sehemu ya nguvu zake hata kabla hujapakia kitu. Kitanda changu cha kwanza nilikijenga kwa milimita 18 kila upande. Nilikibomoa. Cha sasa ni milimita 9 juu ya fremu nyepesi, na upande wa mbele kuna ubao wenye bawaba: nasukuma kiti cha abiria mbele, nafunua ubao, nausimamisha kwa mguu mmoja wa mbao, na miguu yangu inapata pa kunyookea. Mchana ubao unakunjwa na kiti kinarudi mahali pake.

"Betri ya gari inatosha kwa taa na friji."
Betri ya kuwashia injini ina sahani nyembamba, za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya hadi chini kila usiku, itakufa mapema, na asubuhi utakuwa Magadi na gari lisilowaka. Weka betri ya pili, ile ya sola, pamoja na kifaa cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Ya asidi yenye Ah (ampea-saa) 100 kwa volti 12 utumie nusu tu, yaani wati-saa 600. Friji ndogo ya kompresa inaweza kumeza nusu ya hizo, au zaidi, kwa siku moja. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote kikikwaruzika na kugusa bodi.

"Baridi ikizidi, ingiza jiko dogo."
Hapa ndipo naomba unisikilize. Makaa yaliyoshika vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo, ndiyo yanayodanganya. Yanatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuijua. Kufungua dirisha kidogo hakukufanyi uwe salama. Jiko la gesi nalo lipikie nje.

Baridi ya Julai kule Naivasha au Nyahururu ni ya kweli, lakini dawa yake ni blanketi mbili, soksi, na chupa ya maji moto miguuni. Baridi nyingine hutoka chini, kwa hiyo usilale kwenye godoro jembamba juu ya ubao mtupu. Na usijifungie ukidhani utapata joto: pumzi za watu wawili hulowesha vioo na godoro hadi asubuhi. Acha upenyo wa vidole viwili kila upande, na juu yake chandarua kilichobanwa kwa sumaku ndogo. Hewa inapita, mbu anabaki nje.

"Ndani ya gari langu hakumhusu mtu."
Ukipunguza viti au kubadilisha bodi, logibuku (hati ya usajili) hailingani tena na gari. Lipeleke suala hilo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na uwaarifu watu wa bima. Asikae mtu kitandani gari likitembea.

Kabla ya kukata ubao wowote, ng'oa viti vya nyuma, tandika godoro, ulale humo usiku mmoja hapo hapo uani. Asubuhi utajua kipimo cha kumpa fundi.